Imetungwa Na, Imetungwa Kwa: Dhana ya Mtunzi na Hakimiliki ya Matini za Akili Unde

Ikisiri

Mjadala kuhusu hakimiliki ya matini zinazozalishwa kwa akili unde umeendeshwa kwa kiasi kikubwa katika Kiingereza, na hoja zake zimeingia katika Kiswahili bila kupimwa kwa mizani ya lugha yenyewe. Makala haya yanahakiki dhana ya mtunzi kama inavyojitokeza katika sarufi ya Kiswahili, katika desturi za ushairi wa pwani, na katika sheria za Kenya na Tanzania. Yanadai kwamba neno hakimiliki limeuelekeza mjadala kwenye umiliki, ilhali mapokeo ya fasihi ya Kiswahili yanamtambua mtunzi kwanza kama mtu anayeweza kuulizwa juu ya maneno yake.

Utangulizi

Mwana Kupona binti Mshamu alipoukamilisha utendi aliomtungia bintiye mwaka 1275 Hijria, sawa na 1858, aliweka katika beti za mwisho jina lake, mahali alipozaliwa, yaani Pate, na mwaka wa utungo. Ni desturi inayofahamika kwa kila msomaji wa tendi, na wahakiki wengi huipita haraka: mtunzi ametia sahihi, basi. Baadhi huiona kama aina ya kale ya hakimiliki. Tafsiri hiyo haisimami mbele ya matini. Mwana Kupona hamzuii yeyote kuunakili utendi wake. Kinyume chake, anawahimiza wanawake wote wausome. Jina lake limewekwa jirani na ombi la kughufiriwa dhambi. Anajitaja ili aombewe, na ili ijulikane ni nani atakayejibu kwa yaliyosemwa.

Inafaa kuanza hapo kwa sababu mjadala wa sasa kuhusu matini za akili unde umeanza mahali pengine kabisa. Unauliza ni nani mwenye mali. Swali hilo ni halali na lina fedha ndani yake, lakini si swali la kwanza, na mtafiti wa Kiswahili anayelipokea kama lilivyo huwa amekubali pia jibu lake nusu.

Neno lenyewe

Kiingereza kilijenga istilahi yake juu ya tendo la kunakili: haki inayolindwa ni ile ya kutoa nakala. Kifaransa kiliijenga juu ya mtu: ni haki ya mtunzi. Kiswahili kilichukua njia ya tatu. Hakimiliki ni haki ya kumiliki, na maneno yote mawili yaliyounganishwa humo, yenye asili ya Kiarabu, yanatumika pia kwa shamba, nyumba na mifugo. Katika neno hilo hakuna nakala wala mtunzi. Kuna mali na mwenyewe.

Ubainishaji huu hauwi mchezo wa maneno pale istilahi inapoanza kuongoza fikra. Akiulizwa hakimiliki ya hadithi iliyozalishwa na programu ni ya nani, mzungumzaji wa Kiswahili huelekezwa na neno lenyewe kumtafuta mwenye chombo. Mwenye jembe, mwenye mashua, mwenye kompyuta: miliki huzaa miliki. Kwa mantiki hiyo anayelipia huduma ndiye mwenye matini. Wazo la kwamba matini inaweza kuwapo bila kumilikiwa na yeyote, ambalo ndilo lililofikiwa na mahakama za Marekani, linasikika katika Kiswahili kama habari ya kiwanja kisicho na hati, na kiwanja kama hicho kila mtu anajua huishia mikononi mwa nani.

Istilahi ya pili nayo haijatulia. Akili bandia, akili mnemba na akili unde zote zinatumika. Ya pili imeenea sana katika vyombo vya habari na ofisi za serikali Tanzania. Makala haya yanatumia akili unde kwa sababu ya kimakusudi: bandia inahukumu mapema kwamba kitu ni cha uongo, wakati unde inasema tu kwamba kimeundwa, kama jahazi linavyoundwa. Jahazi si la uongo. Swali ni nani nahodha.

Viunganishi viwili

Sarufi ya kauli ya kutendwa katika Kiswahili hutofautisha mtenda na kifaa kwa njia iliyo wazi. Mkate hukatwa na mtu kwa kisu. Kiunganishi na huleta mtenda, kwa huleta ala. Ingekuwa rahisi kusema kwamba mgogoro wote wa kisheria umo katika uchaguzi huo mmoja: makala imeandikwa na akili unde, au imeandikwa na fulani kwa akili unde? Vyombo vya habari hutumia muundo wa kwanza bila kusita. Wenye kampuni, wanapotaka kumtuliza mteja kwamba kazi ni yake, hutumia wa pili. Wanapotangaza uwezo wa bidhaa yao, hurudi kwenye wa kwanza.

Hata hivyo hoja hii inahitaji kupimwa kwa ukali zaidi, kwa sababu na haidai dhamira. Nyumba hubomolewa na upepo, mtu huumwa na nyoka, mahindi huharibiwa na ukame. Upepo hauna nia, na sarufi haikuudai uwe nayo. Kwa hiyo anayesema matini imeandikwa na programu hajavunja kanuni yoyote ya sintaksia, wala hajakiri kwamba programu ina nafsi. Ametaja chanzo.

Ushahidi wenye uzito zaidi uko katika mofolojia. Kitenzi tunga kina upana wa ajabu. Mtu hutunga shanga, hutunga samaki katika uzi, hutunga sheria, mtihani na shairi. Kidonda nacho hutunga usaha, na mimba hutungwa. Kitendo cha kutunga, basi, kinaweza kutokea bila mpango wa yeyote. Mwili hutunga usaha mwenyewe akiwa amelala. Lakini hakuna mzungumzaji anayekiita kidonda mtunzi. Kitenzi kimekubali kiima kisicho na utashi, nomino ya mtenda imekataa. Kiambishi m- cha ngeli ya kwanza na kiambishi tamati -i vinapokutana juu ya mzizi huo, huzalisha mtu na mtu tu. Kwa vyombo lugha ina njia nyingine: kikokotoo hukokotoa, na hakuna aliyewahi kuuliza kama kikokotoo kina haki juu ya jumla iliyopatikana. Kwa kanuni hiyohiyo mtu angeweza kuunda kitungio, kwa maana ya kifaa cha kutungia. Neno hilo halina uzuri wowote, lakini lingeondoa nusu ya mabishano.

Upatanisho wa kisarufi unasema jambo lilelile. Katika ngano, jua au jiwe likipewa nafsi linaweza kuchukua a- ya viumbe hai: jua akasema, jiwe akajibu. Akili unde bado ni i-: imeandika, imejibu, imekosea. Jamii ya wazungumzaji haijaipa nafsi. Siku upatanisho huo utakapobadilika, wanaisimu watakuwa na la kuandika, na wanasheria pengine zaidi.

Sheria mbili, lugha moja

Kilichothibitishwa na mofolojia hakikuthibitishwa na sheria zote. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inamfafanua mtunzi kuwa ni mtu wa asili, kiumbe mwenye mwili, aliyeibuni kazi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inakwenda mbali zaidi: kwa kazi ya kifasihi iliyozalishwa na kompyuta, mtunzi ni yule aliyefanya matayarisho yaliyohitajika ili kazi hiyo ipatikane. Maneno hayo yanafuata sheria ya Uingereza ya mwaka 1988, iliyotungwa kabla ya mifumo ya lugha ya leo kufikiriwa.

Matokeo yake yanashangaza. Chukua riwaya fupi ya Kiswahili iliyozalishwa yote na programu kwa agizo la mistari mitatu. Ikichapishwa Mombasa, ina mtunzi kisheria. Ikivuka mpaka wa Lungalunga na kuingia Horohoro, matini ni ileile, neno kwa neno, lakini mtu wa asili aliyeibuni haonekani. Nchi zote mbili ni wanachama wa Mkataba wa Berne, Kenya tangu 1993 na Tanzania tangu 1994, na mkataba huo haukumfafanua mtunzi ni nani.

Zaidi ya hayo, kifungu cha Kenya kinaacha wazi swali la nani hasa amefanya matayarisho. Je, ni aliyeandika agizo, au ni kampuni iliyokusanya data, ikaijenga modeli na kuiendesha? Uingereza ilikwisha kukutana na umbo la awali la swali hilo katika kesi ya Nova Productions dhidi ya Mazooma Games, iliyoamuliwa 2006, kuhusu picha zinazotokea kwenye skrini wakati wa mchezo wa kompyuta. Mahakama ilisema kwamba mchezaji si mtunzi wa picha hizo. Aliyefanya matayarisho ni aliyeuandaa mchezo na kanuni zake. Kesi hiyo haiifungi Kenya, lakini mwandishi kijana wa Nairobi anayeamini kwamba kifungu hiki kinamlinda yeye afadhali aisome. Uingereza yenyewe, katika mashauriano iliyoyafungua Desemba 2024, ilipendekeza kifungu chake kiondolewe.

Kwingineko mahakama zimegawanyika. Marekani, katika kesi ya Thaler dhidi ya Perlmutter, mahakama ya wilaya mwaka 2023 na mahakama ya rufani mwaka 2025 zilishikilia kwamba mtunzi lazima awe binadamu, na Ofisi ya Hakimiliki ikaeleza Januari 2025 kwamba maagizo peke yake, kwa jinsi mifumo inavyofanya kazi sasa, hayamfanyi mtu kuwa mtunzi wa kilichotoka. China ilikuwa imeelekea kwingine: mahakama ya Nanshan huko Shenzhen, katika hukumu inayohusu programu ya Dreamwriter ya kampuni ya Tencent, iliikubali habari ya soko la hisa kuwa kazi inayolindwa, kwa hoja kwamba watu wa kampuni walichagua data, kiolezo na mtindo. Hukumu hiyo ina fadhila moja: iliuliza ni nini hasa kilichofanywa na watu. Udhaifu wake ni kwamba ilipolipata jibu ililipa kampuni.

Mshono wa takhmisi

Mapokeo ya Kiswahili hayakuwa mageni kwa matini yenye mikono miwili. Katika takhmisi mshairi huchukua mishororo ya mwingine na kuitangulizia mitatu yake, hata ubeti ukatimia mishororo mitano. Takhmisi ya Liyongo, inayonasibishwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi, ni mfano mashuhuri. Mshairi wa pili hufungwa na vina vya wa kwanza. Hawezi kwenda apendako. Lakini msomaji hujua ni wapi mkono mmoja unakoma na mwingine unaanza, na utamu wa umbo hilo uko kwenye mshono: jinsi mishororo mipya inavyoiandalia ya zamani nafasi, wakati mwingine ikiigeuza maana yake. Mshono ukifichwa, takhmisi haipo. Kinachobaki ni wizi au kosa la mnakili.

Mapokeo hayohayo yalitenga pia mkono na utunzi. Muhamadi Kijumwa wa Lamu, mshairi na mchonga nakshi, aliwanakilia wataalamu wa Ulaya miswada mingi, na maandishi yake yamo katika maktaba ya SOAS, London. Mwandiko wake unaonekana kote. Utunzi wake uko katika baadhi tu. Watafiti wamefanya kazi ndefu kuvitenga viwili hivyo pale palipo na shaka, na hawakuiona kazi hiyo kuwa bure. Tungo za Muyaka bin Haji nazo zilitufikia kupitia kumbukumbu za watu wa Mombasa na juhudi za Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyemsaidia William Taylor kuzikusanya, kabla ya Hichens kuzihariri na kuzichapisha 1940. Kilichohifadhiwa pamoja na beti nyingi ni kisa: nani aliambiwa, kwa tukio gani, na alijibu nini. Bila kisa, tungo kadhaa za Muyaka hazifahamiki hata kwa anayejua Kimvita.

Kwa kipimo hiki, tatizo la matini ya akili unde halimo katika kuwapo kwa mkono wa pili. Limo katika kufutika kwa mshono. Matini hutoka laini, katika Kiswahili kisicho na kwao, si cha Lamu wala Unguja wala Tabora, na anayeipokea huongeza sentensi mbili hapa, hupunguza moja pale, kisha huweka jina juu. Baada ya wiki moja yeye mwenyewe hawezi kuonyesha lipi lake. Mwandishi wa Japani Rie Kudan, alipopata Tuzo ya Akutagawa Januari 2024, alisema waziwazi kwamba karibu asilimia 5 ya riwaya yake ilitoka moja kwa moja kwa ChatGPT. Baadaye alifafanua kwamba ni zile sehemu ambamo mhusika huzungumza na mfumo wa aina hiyo. Kelele zilizofuata zilijikita kwenye ile asilimia. Zilipaswa kujikita kwenye mahali, maana katika riwaya hiyo mashine inasikika kama mashine, ndani ya alama zake, kama mishororo ya asili katika takhmisi. Asilimia 5 iliyotiwa mshono haidhuru utunzi, na asilimia 1 iliyofichwa katika hitimisho la tasnifu inaudhuru.

Jina na dhamana

Barthes alipotangaza kifo cha mwandishi mwishoni mwa miaka ya 1960, na Foucault alipouliza mwaka 1969 mwandishi ni nini, hakuna aliyekuwa akifikiria mashine. Hata hivyo kuna wanaowatumia leo kudai kwamba matini haihitaji mtunzi na kwa hiyo akili unde imekamilisha tu walichokitabiri. Huko ni kumsoma Foucault nusu. Yeye alikumbusha kwamba matini zilianza kuwa na watunzi wa kweli pale watunzi walipoanza kuadhibika. Adhabu ilitangulia, mali ikafuata.

Kiswahili kina ushahidi wake. Abdilatif Abdalla alifungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wake, Kenya: Twendapi? Mashairi aliyoyatunga gerezani yalichapishwa 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki na kupata Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka uliofuata. Inawezekana kabisa kuisoma diwani hiyo kwa kuangalia vina na mizani peke yake, na arudhi yake inastahili usomaji huo. Lakini kila ubeti una mtu nyuma yake aliyelipa. Mashairi ya namna hiyo yakizalishwa kesho kwa agizo, yakiwa na mizani timilifu, hakuna wa kukamatwa isipokuwa aliyeyasambaza. Serikali isiyopenda kusemwa itamtafuta huyo na kumpata. Hapo ndipo inapoonekana kwamba aliyelitia jina ndiye mtunzi kwa maana ya mwenye kuulizwa, hata kama hakutunga chochote. Na kwamba anayelikubali jina kwa ajili ya mrabaha hawezi kulikataa likija kwa ajili ya dhamana. Matini ya akili unde ikimkashifu mtu, ikinukuu kitabu kisichokuwapo, mwenye jina hujitetea kwa kusema mashine ilikosea. Mara nyingi huyo ndiye aliyedai wiki iliyopita kwamba kazi ni yake.

Maneno ya wengine

Yapo pia yaliyotangulia matini, yaani vitabu vilivyotumika kuifunza mifumo. Huko mtunzi wa Kiswahili si mtumiaji wa mashine, ni malighafi yake. Mwana Kupona na Muyaka hawana tena ulinzi wa kisheria, kwani Kenya na Tanzania hulinda maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Walio hai wanao, kwenye karatasi.

Katika kesi ya Bartz dhidi ya Anthropic, Jaji William Alsup aliamua Juni 2025 kwamba kuifunza modeli kwa vitabu ni matumizi ya haki chini ya sheria ya Marekani, lakini kujikusanyia nakala za wizi siyo. Kampuni ilikubali suluhu ya dola bilioni 1.5, kiasi cha dola 3,000 kwa kila kitabu katika orodha ya vitabu vipatavyo nusu milioni. Sharti mojawapo la kuingia katika orodha hiyo ni kwamba kitabu kiwe kimesajiliwa katika Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani. Mkataba wa Berne haumtaki mtunzi asajili popote ili awe na haki, na mshairi aliyechapisha Dar es Salaam au Nairobi hakuwa na sababu ya kusajili Washington. Haki anayo, ila hamo katika orodha. Hakuna hila iliyofanywa. Ndivyo taratibu za fidia za nchi ile zilivyo. Lakini anayedai kwamba suluhu hiyo imewalipa watunzi anapaswa kusema watunzi gani.

Jambo hili linaturudisha kwenye istilahi, na safari hii kuna kazi ya kufanywa. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria Tanzania, na sheria zilizotungwa kwa Kiingereza zinahitaji maneno. Mfasiri wa sheria ya hakimiliki atakuwa na mtunzi, mwandishi, mbunifu na msanii mezani pake. Akichagua mbunifu, ambalo linavutia kwa sababu linakusanya picha, muziki na programu pamoja, ataruhusu tafsiri ya kwamba aliyebuni agizo amebuni kazi. Akichagua mtunzi, mofolojia itamsaidia kuubana mlango. Kwa kifungu cha Kenya, kikija kutafsiriwa, aliyefanya matayarisho anaweza kuitwa mwandaaji na kupewa haki anazostahili mwandaaji, za muda mfupi na za kiuchumi tu, bila ile haki ya kimaadili ya kutajwa kuwa mtunzi. Wahariri wa majarida na waandaaji wa tuzo za fasihi hawahitaji kungoja bunge: wanaweza kumtaka mwandishi aeleze kazi imetungwa na nani, kwa nini, na mshono uko wapi. Wataongopewa mara kwa mara. Lakini aliyeongopa kwa maandishi yenye sahihi yake amekwisha kuwa mtu anayeweza kuulizwa.